Mali bila daftari

Haya ni maneno niliyoyasema jioni tulipofungua maonesho ya picha katika galari yangu hapa Mwanza. Waliokuwepo waliomba yaandikwe, nami nimeyaacha karibu kama yalivyotoka.

Mwadila, wazee wangu. Mwadila, mama zangu. Na nyinyi vijana mliokaa kwenye ngazi kwa sababu viti vimeisha, mhola?

Naomba nianze na mama yangu.

Mama aliuza dagaa Mwaloni, pale Kirumba, tangu sijazaliwa mpaka magoti yalipomkatalia. Hakuwa na mtaji. Alichukua kwa mali kauli: mitumbwi ikitua alfajiri wavuvi wanamwachia ndoo zake, anaanika, anauza, kisha anawalipa jioni au wiki inayofuata. Kwa hiyo hakuna siku aliyolala bila mali ya watu mkononi mwake. Aliishia darasa la nne, lakini alikuwa na daftari. La mistari, limefunikwa kwa gazeti, linanuka dagaa kurasa zote, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isipotee. Aliligawa kwa safu: mwenye mali, ndoo ngapi, siku gani, bei waliyokubaliana, amelipwa kiasi gani, bado kiasi gani. Mvuvi asiyejua kuandika aliweka alama yake. Mmoja alichora kasia. Mwingine alichora nyota, na mama akawa anamwita Nyota hivyo hivyo mpaka leo sijui jina lake jingine. Nilipomuuliza mbona anajisumbua kuandikiana na watu anaofahamiana nao miaka yote, alinijibu kwa methali mnayoijua nyote: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nimewaita kuangalia picha na ninawasimulia dagaa. Mtanivumilia, maana kila ninachokifanya katika vyumba hivi viwili nilikichukua Mwaloni.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi katika duka moja la vinyago na picha hapa hapa mjini. Duka hilo halipo tena, na sitalitaja. Wateja wetu walikuwa watalii wanaokwenda Serengeti au wanaotoka huko, watu wenye haraka, gari linawasubiri nje. Picha zilikuwa zimerundikwa chini, zimeegemezwa ukutani kama mabati. Mteja anazipekua, anachagua, tunapatana bei, ninamfungia kwa gazeti na kamba ya katani. Yamekwisha.

Siku moja mchana aliingia mzee mmoja, ameshuka kwenye meli ya Ukerewe. Amevaa koti, ameshika gazeti lililokunjwa vizuri kwapani. Alikuja kuulizia picha zake tano alizoziacha masika yaliyopita. Nilizikumbuka mara moja aliponieleza. Zilikuwa zimechorwa kwenye hadibodi kwa rangi ya mafuta, zote za ziwa usiku, mitumbwi miwili miwili, na kwenye kona ya chini, pale wengine wanapoweka jina, yeye alikuwa amechora karabai ndogo inayowaka. Mbili kati ya hizo nilikuwa nimeziuza mimi mwenyewe kwa mikono hii.

Mwenye duka alimwambia zimeuzwa. Mzee akauliza, kwa kiasi gani? Hakuna aliyekumbuka. Akauliza, kwa nani? Wazungu. Wa wapi? Nani ajuaye! Akapewa nauli ya kurudi, na hela kidogo ya chai. Hakupaza sauti. Alilikunjua lile gazeti, akalitazama, akalikunja tena. Nikaelewa kwamba alilileta kufungia picha ambazo hazijauzwa, kama zingekuwepo. Kisha akatuaga, akatoka.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta, na sikumuuliza jina lake.

Ndugu zangu, wako watu wanaosikia vibaya biashara ikitajwa karibu na sanaa. Wanasema sanaa ni roho, bei inaichafua. Nawaheshimu, lakini historia ya sanaa ya nchi hii haisemi hivyo. Ukiifuatilia utakuta mahali pengi kuna mtu aliyeuza.

Tazama vinyago vya mashetani vya Wamakonde, ambavyo dunia nzima inavijua. Mchongaji anayetajwa kuanza mtindo ule ni Samaki Likankoa, miaka ya 1950 kuelekea mwisho, na mtu aliyepokea kazi zile na kuzitafutia wanunuzi alikuwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera. Fikiria Samaki ameleta kinyago kisichofanana na chochote kilichowahi kuuzwa, kina jicho moja, kimepinda, na mwenye duka anakikataa kwa sababu hakifanani na simba wala twiga. Pengine tusingekuwa na shetani hata mmoja leo. Muuzaji mwenye jicho ana sehemu yake katika kazi, na muuzaji asiye na jicho ana uwezo wa kuiua kazi kabla haijazaliwa.

Au mchukue Edward Saidi Tingatinga. Kijana wa Tunduru, amefanya vibarua kwenye mashamba ya mkonge Tanga, amefanya kazi za bustani na za nyumbani kwa watu Dar es Salaam. Mwaka 1968 anaanza kuchora. Hana turubai wala rangi za dukani zenye majina marefu. Ana hadibodi inayotumika kwenye dari na rangi ya baiskeli. Alikata vipande vya mraba, sentimita 60 kwa 60 hivi, akachora wanyama na ndege, akaziuza pale Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni walikuja kununua mahitaji. Alichora miaka minne tu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa hana hata miaka 41. Miaka minne! Na jina lake limekuwa jina la uchoraji mzima. Ukienda Zanzibar, ukienda Arusha, mtu anakuambia nauza tingatinga kama anavyosema nauza kanga.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu hili ndilo linaloniuma. Jina la Tingatinga limeishi, lakini chini ya jina hilo wamezikwa wachoraji wangapi? Wale aliowafundisha tunawajua: January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, Kasper Henrick Tedo, Simon Mpata, Omari Amonde. Tunawajua kwa sababu wapo waliowauliza na kuandika. Baada yao wamekuja mamia. Picha inanunuliwa, mnunuzi anaulizwa nyumbani kwake ni ya nani, anajibu ni tingatinga. Mtu amekaa siku nne kuweka nukta kwenye manyoya ya kanga mmoja, na jina lake halifiki hata uwanja wa ndege. Na kwa kuwa hakuna kumbukumbu, picha za kughushi zenye sahihi ya marehemu mwenyewe zimezagaa sokoni. Soko likiwa halina daftari, mwongo na mkweli wanalingana.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Sam Ntiro, mtu wa Machame, alisoma sanaa Makerere kwa mwalimu Margaret Trowell, akaenda Slade, chuo cha sanaa kule London, akarudi kufundisha Makerere. Mwaka 1956 alichora wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mwaka 1960, Tanganyika haijapata hata uhuru, Museum of Modern Art, jumba la makumbusho ya sanaa la New York, ikainunua picha hiyo. Ipo mpaka leo. Imeandikwa nani kachora, lini, kwa rangi gani, ukubwa gani, imeingia mwaka gani, na ina namba yake. Mjukuu wa mtu wa Machame akitaka kujua picha ya babu iko wapi, dakika moja anajua. Ntiro baadaye alikwenda London kuwa balozi wetu, lakini hata asingekuwa balozi, picha ile isingepotea.

Mnaona ninapoelekea. Mzee wa Ukerewe na Ntiro wote waliuza kwa wageni. Picha za wote wawili zilivuka maji. Moja ina habari, tano hazina.

Wengine wataniambia hayo ni ya zamani. Basi tuvuke ziwa. Sungi Mlengeya, binti wa Kitanzania aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1991, alikuwa anafanya kazi benki. Mwaka 2018 akaiacha, akachora. Hakufundishwa darasani. Anachora wanawake weusi, ngozi imeshiba rangi, nguo zao na nyuma yao peupe kabisa, kiasi kwamba jicho lako ndilo linalomalizia kushona gauni. Leo kazi zake zinatafutwa na watu wa mabara yote. Galari iliyomsimamia ni Afriart ya Kampala, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Daudi Karungi, ambaye naye ni mchoraji. Mtanzania, mchoraji wa wanawake wetu, anatangazwa kutoka ng'ambo ya ziwa hili hili tunaloliangalia kupitia dirisha lile. Siwaonei wivu Waganda, nawashukuru. Lakini kila nikiona mwanga wa mitumbwi usiku najiuliza, na sisi wa upande huu je?

Na msidhani ni yeye peke yake. Everlyn Nicodemus, mzaliwa wa Marangu, picha yake aliyojichora mwenyewe ilinunuliwa na National Portrait Gallery ya London mwaka 2022, naye wakati huo alikuwa katika miaka yake ya sitini na kitu. George Lilanga alianza Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, akiwa mlinzi wa usiku, na alipofariki mwaka 2005 kazi zake zilikuwa zimeshatembea Ulaya na Marekani. Mwaka 2024 Tanzania iliweka banda lake la kwanza kwenye maonesho makubwa ya Venice. Watu tunao. Tumekuwa nao siku zote.

Tena tunao hapa hapa Usukumani. Kabla hapajawa na turubai wala akriliki, chama cha Bayeye, wale wacheza na nyoka, walichora kuta za ndani za nyumba zao za kufundishia. Nyoka, watu, viumbe vya hadithi, kwa udongo mweupe, mwekundu na masizi. Mwali anaingia, anaoneshwa ukutani kile ambacho kwa maneno kingechukua wiki nzima. Hans Cory, aliyekuwa mtafiti wa serikali ya kikoloni katika mambo ya mila, alizinakili nyingi na kuzichapisha mwaka 1953. Nyumba ya udongo haivumilii masika mengi, lakini nakala zipo, na ukifika Bujora, pale Kisesa, utaona jinsi Wasukuma walivyojenga mawazo yao kwa maumbo: kuna jengo la makumbusho lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Kwa hiyo mtu asije akatuambia uchoraji ni kitu kilicholetwa Mwanza na watalii. Babu zetu walichora, na walichora kwa ajili yao wenyewe, ndani, mahali ambapo hapakuwa na mnunuzi.

Sasa nawaomba mgeuke mtazame picha ile kubwa karibu na mlango. Ndiyo, ile. Wa mbele wapisheni wa nyuma.

Mchoraji wake ni kijana wa Igombe. Amesimama pale na ameinamisha uso, mtamsalimu baadaye. Picha ina wanawake wanne wanaanika dagaa mchangani. Ukiwa mbali unaona mchanga na kitu kama ukungu wa fedha juu yake. Ukisogea, ukungu unageuka dagaa, mmoja mmoja, maelfu. Nilipoiona mara ya kwanza nilimuuliza amevichoraje vitu vidogo namna ile bila kuchanganyikiwa. Akanionesha. Alitandaza kwanza rangi nyeusi, ikakauka. Akapaka fedha juu yake, na kabla haijashika akapita na kipande cha kitana kilichovunjika, meno matano tu, akakwaruza kwa mkato mfupi mfupi. Kila mkwaruzo ni mgongo wa dagaa. Halafu kwa ncha ya mwiba akaweka jicho. Siyo dagaa wote wana jicho. Wale walio karibu na miguu ya wanawake tu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, mama, ukianika unawaona wale unaowagusa.

Na tazameni yule mama wa tatu, aliyesimama wima wakati wenzake wameinama. Anaangalia juu. Anaangalia wingu. Mtu asiyekulia mwaloni ataona mwanamke anapumzika. Sisi tunajua: mvua ikipiga dagaa walioanikwa, mtaji umekwenda, wanageuka chakula cha kuku. Hofu yote ya biashara ya mama yangu imekaa kwenye shingo ya mwanamke yule. Nilikaa mbele ya picha ile nusu saa nzima, nikalia, na siioni aibu kuwaambia.

Picha kama hiyo ukiniambia kizuri chajiuza, nitakukatalia. Methali hiyo ni nzuri kwa nyanya. Picha nzuri haijiuzi. Ilikaa miezi saba Igombe, imefunikwa shuka, chumba kimoja na jiko la mkaa. Inahitaji ukuta mweupe, taa, mtu wa kuisimamia na kuieleza, na bei iliyoandikwa ambayo haibadiliki kwa kuangalia viatu vya mnunuzi.

Niwaeleze basi tunavyofanya, maana watu wengi wananiuliza na wengine wanaogopa kuniuliza. Picha zote zilizo humu ni mali kauli. Si zangu. Mchoraji anazileta, tunaziandika mbele yake, anatia sahihi, nami natia. Safu za daftari langu ni zile zile za mama, nimeongeza chache: jina la picha, mwaka, vipimo, imechorwa juu ya nini na kwa rangi gani, na ikiuzwa, nani kainunua na inaishi mji gani. Tunaipiga picha mbele na nyuma. Nyuma ndiko mchoraji anakoandika jina lake kwa kalamu isiyofutika. Mnunuzi anaondoka na hati yenye maelezo hayo hayo, na miaka ishirini ijayo mtoto wake akitaka kujua kile kilicho ukutani ni nini, atajua.

Bei hatuikisii. Tunajumlisha urefu na upana kwa sentimita, kisha tunazidisha kwa kiwango cha mchoraji mwenyewe. Picha ile ya dagaa ni 90 kwa 120, jumla 210. Kiwango cha kijana huyu kwa sasa ni shilingi 4,000, kwa hiyo bei ni 840,000. Mchoraji anachukua asilimia 60, yaani 504,000. Sisi tunabaki na 336,000, na humo ndimo mna kodi ya pango, umeme, fremu ya mninga, usafiri, na karatasi ile mliyoshika mkononi yenye picha na majina. Galari nyingi duniani zinagawana nusu kwa nusu. Mimi sijafika hapo na nisingependa kufika, kwa sababu mji huu mchoraji bado ananunua rangi kwa shida. Akiendelea vizuri tutapandisha kiwango, taratibu. Hatutakishusha. Aliyenunua mwaka jana asije akaikuta kazi ya mchoraji yule yule kwa bei ya chini mwaka huu, atajiona amepunjwa na hatarudi.

Vijana wangu wachoraji, hapa ninawaambia mbele ya watu. Mteja akiiona picha hapa, akakufuata nyumbani usiku kwa mlango wa nyuma, akakuambia nipe kwa nusu bei tusimwambie mama, ujue amekuja kukushusha thamani wewe, na picha zako zote zilizoko majumbani mwa watu zimeshuka siku hiyo hiyo. Nimeliona likitokea. Mchoraji alipata hela ya mwezi mmoja, akapoteza ya miaka mitatu.

Na jambo la haki. Ukinunua picha umenunua picha. Haki ya kuichapisha kwenye kalenda, fulana au bango la duka imebaki kwa mchoraji. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ukitaka kuichapisha njoo tuandikiane, si vigumu. Nalisema kwa sababu nimekuta kazi ya mmoja wa walioko humu imechapishwa kwenye vikombe, na yeye hana hata kikombe kimoja.

Naja kwenu sasa, wanunuzi. Nasema wanunuzi hata kwa yule ambaye hajawahi kununua.

Mwanza inajengwa. Kutoka Buzuruga mpaka Igoma, Kisesa, Buswelu, kila mwezi nyumba mpya, na nyumba zetu ni nzuri: marumaru, dari ya jipsamu, sofa za pembe. Ukutani kuna nini? Saa, kalenda, na picha ya karatasi ya mto na miti ya nchi ambayo hakuna mtu wa nyumba hiyo amewahi kufika. Nimelala hoteli moja ya ufukweni, sitaitaja, dirishani ziwa lenye mawe mazuri kuliko yote duniani, na juu ya kitanda kuna picha ya meli ya matanga kwenye bahari ya Ulaya. Mgeni ametoka huko! Amesafiri siku mbili kuja kuona mawe yetu, tunamlaza chini ya bahari yake. Wenye hoteli mlioko hapa, sina ugomvi nanyi. Vyumba 20 ni picha 20, na kuna wachoraji wasiopungua kumi katika mkoa huu wanaoweza kuzichora mkakaa nao mezani.

Anayedhani shilingi laki nane ni za matajiri, asikilize. Mnunuzi wangu wa kwanza kabisa alikuwa muuguzi. Alidunduliza. Kila mwezi elfu hamsini, naandika, anatia sahihi, miezi tisa. Mwezi wa tisa alikuja na mume wake na bodaboda mbili, moja ya watu, moja ya picha. Tangu hapo tumeweka utaratibu: picha inawekewa alama nyekundu, haiuzwi kwa mwingine, unalipa kidogo kidogo mpaka miezi kumi. Walimu wamenunua hivyo. Kikundi kimoja cha vikoba kilinunua picha kumpa mwenzao aliyemwozesha binti, badala ya seti ya sufuria, na yule mama aliniambia kuwa sufuria anazo, lakini hajawahi kupewa kitu cha kutazama.

Ukishaipeleka nyumbani, isitazamane na jua la saa tisa. Usiitundike ukuta unaolowa masika. Weka vipande vya kizibo nyuma ya pembe zake ili hewa ipite, maana unyevu wa ziwa hili unaumua hadibodi, na mchwa wa Mwanza mnawajua wenyewe.

Namalizia, chakula kiko tayari na harufu ya sato imeshafika huku mbele.

Daftari liko pale mezani, kushoto mkiingia. Mnaruhusiwa kulifungua. Ukurasa wa kwanza una mistari mitano ambayo niliiandika siku nilipofungua nyumba hii, kabla ya picha yoyote kuletwa. Nimeandika kwa kukumbuka. Hadibodi. Rangi ya mafuta. Ziwa usiku, mitumbwi miwili. Vipimo sivijui hasa, nimekadiria kwa mikono kama ninavyokumbuka kuzifungia. Mnunuzi: mbili, vijana wawili wenye mabegi ya mgongoni, mmoja ndevu; tatu, hajulikani. Amelipwa: nauli. Bado: nimeacha wazi, kwa sababu sijui alitudai kiasi gani. Safu ya jina nayo iko wazi. Kwenye nafasi yake nimechora karabai.

Nimeuliza Nansio, nimeuliza Bwisya kule Ukara, nimewauliza mabaharia wa zamani. Kama yumo humu ndani mtu wa Ukerewe, au aliyeoa Ukerewe, au aliyewahi kulala nyumba yenye picha ya ziwa usiku na karabai ndogo kwenye kona, namwomba anitafute kabla hajaondoka. Nitakuwa pale mezani mpaka mtu wa mwisho atoke, na kalamu imefungwa kwa uzi.